Picha Iliyopigwa Bila Kipimo

Mtu akionyeshwa picha nzuri ya mlima, aghalabu neno la kwanza limtokalo kinywani ni kwamba mpiga picha alibahatika. Husema hivyo bila nia mbaya. Lakini wale waliowahi kusimama karibu na Nyeri au Nanyuki alfajiri, kamera mkononi, wakingojea wingu liondoke juu ya Mlima Kenya, hawalitamki neno hilo upesi. Wao wanajua ni asubuhi ngapi wingu halikuondoka, na ni mara ngapi liliondoka wakati filamu imekwisha kuisha.

Habari ya picha moja iliyopigwa Marekani mwaka 1941 yafaa kusimuliwa kwa watu wa namna zote mbili, wasemao bahati na wangojao wingu. Mpigaji wake aliitwa Ansel Adams. Alizaliwa mjini San Francisco mwaka 1902, na katika ujana wake alijifunza piano kwa bidii kubwa, akidhani kwamba muziki ndio utakaompa riziki. Milima ikamvuta upande mwingine. Alipokuwa na umri wa miaka 14 wazazi wake walimpeleka kutembea katika bonde la Yosemite, wakampa kamera ndogo ya sanduku. Siku moja akapanda juu ya kisiki kikuukuu ili auone vizuri mlima uitwao Half Dome. Kisiki kikavunjika, naye alipokuwa akianguka kichwa chini miguu juu, kidole chake kikabonyeza. Picha ikatoka imepinduka, mlima ukining'inia kama popo, na mwenyewe aliipenda maisha yake yote. Msomaji akikumbuke kisiki hicho, maana kingine chaja.

Katika mwaka 1941 Bwana Adams alikuwa fundi ajulikanaye. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilimwajiri apige picha za mbuga za taifa na nchi nyingine zilizo chini ya serikali, ili baadaye zikuzwe sana na kutundikwa katika kuta za ofisi zake mjini Washington. (Wizara hiyo, ijapokuwa ina jina hilo, haihusiani na polisi, kazi yake ni ardhi, mbuga, na mambo ya wenyeji wa asili wa nchi ile.) Malipo yake yalikuwa dola 22 na senti 22 kwa siku, wala si kwa kila siku ya mwezi, bali kwa zile siku tu alizoifanyia serikali kazi. Siku nyingine zilikuwa zake mwenyewe. Jambo hili laonekana dogo, la kuandikwa katika daftari na kusahauliwa, lakini litarudi.

Basi katika mwezi wa Oktoba akatoka California kwa motokaa, pamoja na mwanawe Michael, aliyekuwa na umri wa miaka 8, na rafiki yake Cedric Wright, mpiga fidla ambaye pia alikuwa mpiga picha. Walikwenda mwendo mrefu katika nchi za kusini-magharibi zilizo kavu, zenye mabonde yaliyochimbwa na mito na miamba myekundu. Majira yale vitabu vya siku hizi huyaita vuli, lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki asidanganywe na jina. Vuli ya pwani ni mvua ndogo, wakati ambapo nyasi huchipuka na mkulima hushika jembe. Vuli ya kule ni kinyume cha hayo: baridi huanza kuingia, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika, na vilele vya milima hupata theluji ya kwanza. Jua hupita chini zaidi kila siku, na vivuli hurefuka. Kwa mpiga picha hakuna majira mazuri kuliko hayo, ila yana ila moja, nayo ni kwamba mchana ni mfupi. Mtu akipoteza saa mbili katika kazi isiyofaa, hawezi kuzifidia.

Siku ya kwanza ya Novemba watu hao watatu walikuwa katika bonde la mto Chama, katika jimbo la New Mexico, kaskazini ya mji mdogo uitwao Española. Bonde hilo lina miti mikubwa iotayo kando ya maji, ambayo majani yake huwa manjano kabisa wakati huo. Mtu angedhani kwamba mahali pa namna hiyo mpiga picha hawezi kukosa. Bwana Adams alikosa. Alipiga picha kadhaa asizozipenda. Kisha akaona kisiki kando ya njia, kisiki kikubwa chenye sura ya ajabu, akashindana nacho. Alikitazama upande huu na upande ule, wala hakikukubali kuwa picha aliyoitaka. Kwake yeye hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza: picha huonekana kichwani kabla ya kuonekana kwenye karatasi, na isipoonekana kichwani hakuna haja ya kufungua kamera. Mwisho akakubali kushindwa, wakafunga vyombo, wakaingia katika motokaa, wakaanza kurudi kusini kuelekea Santa Fe.

Yapasa kufikiri kidogo juu ya hali ya mtu arudiye hivyo. Amelipa mafuta, amebeba mizigo mizito tangu asubuhi, mtoto amechoka, jua limeinama, na hana kitu cha kuonyesha. Mtu wa namna hiyo hutazama barabara tu. Huwaza chakula na kitanda. Waliokwisha kusafiri mbali kwa ajili ya jambo moja, wakalikosa, wanaijua safari hiyo ya kurudi.

Walipofika karibu na kijiji cha Hernandez, Bwana Adams akageuza macho kushoto kwake, upande wa mashariki. Kijiji kile ni kidogo, cha watu wasemao Kispania, chenye kanisa la udongo na makaburi kando yake yenye misalaba. Nyuma ya kijiji, mbali sana, ilisimama milima ya Sangre de Cristo, ambayo jina lake kwa Kispania ni Damu ya Kristo. Vilele vyake vya Truchas vyapita futi 13,000. Si virefu kama Mlima Kenya wenye futi 17,058, lakini siku hiyo vilikuwa na theluji na wingu refu jeupe limelala juu yake. Juu ya wingu hilo mwezi ulikuwa umekwisha kupanda, haujawa mpevu kabisa bado. Nyuma ya motokaa, upande wa magharibi, jua lilikuwa linakaribia kuzama katika mawingu, na miali yake ya mwisho ilikuwa ikiipiga ile misalaba, nayo ikang'aa nyeupe.

Motokaa nusura iingie mtaroni. Alifunga breki, akaruka nje, akawapigia kelele mwanawe na rafiki yake walete hiki na kile, miguu ya kamera, lenzi, filamu. Na hapa yafaa kueleza kamera yenyewe, maana haikuwa ile ya kuning'iniza shingoni. Ilikuwa kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na filamu yake si utepe bali ni kipande kimoja kimoja, kila kipande kina upana wa inchi 8 na urefu wa inchi 10. Vipande viwili hukaa katika kisanduku bapa, kimoja upande huu na kimoja upande huu. Akimaliza kimoja, mpiga picha hana budi kukichomoa kisanduku, kukigeuza, kukirudisha, na kuvuta kifuniko. Hapana kubonyeza mara tatu kwa pupa.

Akasimamisha kamera, akafunga lenzi, akatazama. Picha ilikuwa sawa na ile aliyoiona kichwani. Akatia mbele ya lenzi kioo cha manjano mazito ili mbingu isitoke nyeupe mno. Kisha akanyosha mkono kutafuta kipimo cha mwanga, nacho hakikuonekana.

Kipimo hicho ni chombo kidogo cha kushikwa kiganjani, kimwonyeshacho mpiga picha nguvu ya mwanga, ili ajue kilango cha kamera kifunguliwe kwa muda gani. Akikosea kwa kuzidisha, mwezi utakuwa doa jeupe lisilo sura. Akikosea kwa kupunguza, kijiji kitapotea gizani, na filamu haitakuwa na kitu cha kuokolewa. Wakatafuta katika mizigo iliyofungwa kwa hasira ya yule aliyeshindwa na kisiki, wasikione. Na jua halikusimama kungojea.

Wengi hapa wangebahatisha. Wengine wangekaa kutafuta hata giza likaingia, kisha wakalaumiana njia nzima, na nusu ya lawama ingemwangukia mtoto. Bwana Adams akakumbuka hesabu moja. Alikuwa amewahi kujifunza kwamba uso wa mwezi una mng'ao wa mishumaa 250 kwa kila futi moja ya mraba. Mwezi waangazwa na jua lile lile liangazalo mchana duniani, kwa hiyo mng'ao wake ukiwa juu angani haubadiliki sana. Basi huyo mwezi mwenyewe akamfanya kipimo chake. Katika mpango alioutengeneza yeye na mwenzake mmoja miaka ya nyuma, wa kugawa mwanga kwa daraja kutoka weusi mtupu hata weupe mtupu, aliuweka mwezi daraja ya saba, yaani mweupe lakini si wa kuunguza. Hapo hesabu ikamwambia kwamba daraja ya katikati itakuwa ya mishumaa 60 hivi. Filamu yake ilikuwa ya kasi ya 64. Akazidisha mara tatu kwa ajili ya kioo cha manjano, akabana tundu la lenzi hata alama ya 32 ili kila kitu kionekane wazi tangu vichaka vya karibu hata theluji ya mbali. Jumla ikawa karibu sekunde moja. Akafungua kilango kwa sekunde moja.

Mara hiyo akajua kwamba amepata kitu kisicho cha kila siku, na kwamba kitu cha namna hiyo hakifai kutegemea kipande kimoja cha filamu, kinachoweza kupata mkwaruzo au vumbi. Akachomoa kisanduku, akakigeuza, akakirudisha. Alipokuwa akivuta kifuniko, mwanga ukaondoka juu ya misalaba. Alichelewa sekunde chache. Kilichobaki ni kijiji cha jioni kama vijiji vingine.

Kwa hiyo aliondoka Hernandez na kipande kimoja, kilichopigwa kwa kukumbuka, na shaka moyoni. Na shaka yake ilikuwa na msingi, kwa sababu hesabu ya mwezi ilimhakikishia mwezi tu. Hakuwa amepima mwanga wa ardhi, vichaka na kuta za kanisa, hayo hakuyajua. Alipoisafisha filamu alifanya kwa tahadhari kubwa, akiizamisha katika dawa kwa muda mfupi, kisha katika maji matupu bila kuitikisa, kisha tena katika dawa, mara 10, ili sehemu za giza zipate nafasi ya kujitokeza na zile za mwanga zisizidi. Mwezi ukatoka na sura yake. Ardhi ikatoka hafifu, kama alivyohofia.

Hapo ndipo bahati ilipokwisha na kazi ikaanza. Kila alipoichapa picha ile katika chumba cha giza, ilimpasa kuzuia mwanga hapa kwa mkono na kuuongeza pale, na hapakuwa na nakala mbili zilizolingana kabisa. Mwaka 1948, baada ya miaka saba ya kuteswa nayo, alifanya jambo la kuogofya: aliitia sehemu ya chini ya filamu katika dawa ya kuikoleza, filamu ambayo haina ya pili duniani. Kama dawa ingeliharibu, isingalikuwako njia ya kurudi. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuona chumba chake cha giza kikishika moto mwaka 1937 na filamu nyingi kuteketea, kwa hiyo hakuwa mgeni wa hasara. Dawa ikafanya kazi. Tangu hapo picha ikawa nyepesi kidogo kuchapa, naye akaendelea kuibadili. Katika nakala za kwanza mbingu ina mawingu hafifu, na katika zile za miaka ya 1970 mbingu ni nyeusi tii, mwezi peke yake. Katika maisha yake alichapa nakala zaidi ya 1,300 kwa mkono wake. Mwaka 1981 nakala moja iliuzwa kwa dola 71,500.

Fedha hizo ndizo zinazoirudisha ile habari ya daftari. Bwana Adams aliweka hesabu nzuri za safari zake, maili na gharama, kama afanyavyo mtumishi mwaminifu. Lakini tarehe za filamu zake alikuwa haandiki. Karani yeyote wa ofisi ya serikali akisoma jambo hili hana budi kutikisa kichwa. Barua isiyo na tarehe hurudishwa. Na hapa pana picha mashuhuri ambayo mwenyewe aliisema mara ni ya mwaka 1940, mara wa 1942, hata 1944. Wala halikuwa jambo la kucheka. Kama siku ile ilikuwa miongoni mwa zile alizolipwa dola 22 na senti 22, basi filamu ni mali ya serikali. Kama haikuwa, ni yake.

Aliyetoa ushahidi ni mwezi wenyewe. Mtaalamu mmoja wa nyota, David Elmore, alipima mahali mwezi ulipo katika picha, akakokotoa kwamba ilipigwa tarehe 31 Oktoba 1941. Bwana Adams akaipokea tarehe hiyo kwa furaha na kuichapisha kitabuni. Akafa mwaka 1984 akiamini hivyo. Kisha mtu mwingine, Dennis di Cicco, akaenda mwenyewe Hernandez, akaona kwamba mahali pa kamera palikuwa pamekosewa, akaanza hesabu upya, na mwaka 1991 akatoa jibu: tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri, na sekunde 20. Daftari likafunguliwa. Siku hiyo Bwana Adams hakuwa ameidai serikali malipo. Kwa hiyo uvivu wake wa kuandika tarehe haukumgharimu kitu, ingawa si mfano wa kuwapa vijana waanzao kazi ofisini.

Picha zile nyingine, za kutundikwa ofisini, zilipatwa na mkasa wake. Mwezi mmoja na siku chache baada ya Hernandez, Wajapani walishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na mwaka 1942 kazi hiyo ikasimamishwa. Kuta zilibaki tupu hata mwaka 2010, ndipo picha zake zilipotundikwa kama ilivyokusudiwa.

Je, ilikuwa bahati? Kama kisiki kingelikubali, Bwana Adams angelikuwa angali bondeni saa 10 na dakika 49, ameinamia mizizi, mgongo wake umeelekea mwezi. Hilo halina ubishi. Lakini motokaa nyingine zilipita katika barabara ile jioni ile ile, na wenyewe wakaona mwezi, wakaenda zao kula.

Alirudi katika milima hiyo mara nyingi. Katika vuli ya mwaka 1958, miaka 17 baadaye, alikuwa akisafiri tena kaskazini ya New Mexico kwa motokaa, pamoja na mkewe Virginia, akaona kando ya njia kundi la miti myembamba yenye magome meupe, majani yake yamegeuka manjano. Jua lilikuwa limekwisha kuondoka nyuma ya milima, kivuli kimetulia, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani moja. Akasimamisha kamera, akapima mwanga kwa kipimo chake, akapiga picha ya kulala. Kisha akasogea kidogo, akaigeuza kamera, akapiga nyingine ya kusimama, na majani yalikuwa bado yametulia.